Maji Yalitutangulia: Agosti kwa Nyangumi wa Watamu

Maji ya kufulia yakimwagwa mtaroni Gatwekera au Lindi, Kibera, hayaishii pale. Hushuka hadi Bwawa la Nairobi lililofunikwa na magugu maji, hutoka humo yakiwa Mto Ngong, huzunguka nyuma ya Eneo la Viwanda, kisha mashariki mwa jiji hukutana na Mto Nairobi, ambao tayari umebeba uchafu wa vijito vya Kawangware. Mto Nairobi nao huingia Athi. Athi huruka maporomoko ya Fourteen Falls, hufuata ukingo wa uwanda wa juu wa Yatta, hukata mbuga ya Tsavo, na ukishapokea Mto Tsavo hubadili jina ukawa Galana. Ukikaribia pwani huitwa Sabaki. Huo ndio mto wa pili kwa urefu nchini baada ya Tana, na mdomo wake uko kaskazini kidogo ya mji wa Malindi.

Reli nayo ni vivyo hivyo. Ile njia ya zamani inayopita katikati ya vibanda vya Kibera, ambapo akina mama hupanga omena na viatu vya mtumba hadi treni ipige honi, ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901.

Basi maji yetu yana njia ya baharini, na reli yetu ina njia ya baharini. Tuliobaki ni sisi wenyewe. Kawangware 56 ninakoishi wapo watu wazima waliopika samaki maisha yao yote, wa Ziwa Viktoria na wale wa kugandishwa kutoka China, na bahari wameiona kwenye kalenda tu. Hata bwawa letu lilikuwa la wengine. Lilijengwa 1953, na kwa miaka mingi wenye nafasi zao walikuwa wakija Jumapili kuendesha mashua za tanga mbele ya macho ya Kibera. Siku hizi hapaendeshwi kitu.

Mwezi Agosti shule zinafungwa. Mwezi huohuo, pwani ya kaskazini, nyangumi wanapita.

Wanaoitwa nyangumi kibyongo, kwa ajili ya nundu iliyo mgongoni karibu na pezi, huanza kuonekana katika maji ya Kenya mnamo Julai, na wengine hukaa hadi Oktoba. Hutoka katika bahari za barafu za Antaktika. Kiangazi cha huko hula uduvi kwa tani na tani, kisha huogelea zaidi ya kilomita 6,000 kuja kupandana na kuzaa katika maji ya joto ya Msumbiji, Tanzania na Kenya. Muda wote huo karibu hawali chochote. Huishi kwa mafuta yaliyo chini ya ngozi, na mama mwenye ndama humnyonyesha mwanawe kwa mafuta hayohayo. Mimba yake huchukua miezi kumi na moja hivi. Ndama huzaliwa na urefu wa mita nne na ushei na uzito wa karibu tani moja. Ukitaka kumpima mama, panga matatu tatu za abiria 14 bampa kwa bampa, kama zinavyopangwa saa kumi na mbili asubuhi kwenye steji ya 46.

Ni dume pekee anayeimba. Madume wa eneo moja la bahari huimba wimbo mmoja, na wimbo huo hubadilika kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, wote wakiufuata. Wataalamu huwatambua nyangumi mmoja mmoja kwa upande wa chini wa mkia, maana mabaka meupe na meusi ya pale hayafanani kwa wawili.

Miezi hiyohiyo nyumbu wanavuka Mto Mara, na hapana mtoto wa Nairobi asiyeijua habari hiyo. Runinga humwonyesha kila mwaka mamba akivuta mguu. Nyangumi hawana mtangazaji. Watamu wenyewe walianza kuwahesabu kwa utaratibu majuzi tu, chama cha bahari cha pale kilipowaomba manahodha wa boti za kuvulia samaki wakubwa waandike kila nyangumi na pomboo wanaomwona, wapi na lini. Wavuvi walikuwa wakiwaona siku zote. Hakuna aliyewauliza.

Sasa, habari ya pesa, kwa kuwa msomaji wa Kibera na Kawangware huanzia hapo na ni haki yake.

Tikiti ya daraja la kawaida ya Madaraka Express, Nairobi hadi Mombasa, imekuwa shilingi 1,500 tangu Januari 2024; zamani ilikuwa 1,000. Mtoto wa miaka mitatu hadi kumi na mmoja hulipa nusu. Mume, mke na watoto wawili, kwenda na kurudi, ni shilingi 9,000 kabla hamjala hata andazi. Kwa mtu anayelipwa mia tano au sita kwa siku kwenye mjengo, hizo ni zaidi ya wiki mbili za kubeba mawe.

Lakini nauli hukusanyika. Dada yangu mkubwa, anayeuza nguo za mtumba soko la Toi, Kibera, alinifunza kwamba kigingi chenyewe kiko kwingine. Nilipomwambia twende wikendi alinitazama kama aliyesikia tusi. Jumamosi na Jumapili ndizo siku za soko. Jumanne anaweza kulala ndani ya kibanda asiamshwe na mteja. Wikendi ni mapumziko ya mwenye ofisi. Kwa mchuuzi ndiyo kodi ya nyumba, na kwa fundi wa viatu, dereva wa boda na msusi wa nywele ni hivyo hivyo. Kila tangazo la utalii wa ndani huanza na neno hilo, wikendi, na papo hapo nusu ya jiji imeshafungiwa mlango. Ongeza jambo moja ambalo matangazo hayalijui: nyumba ya mabati haiachwi peke yake. Lazima mtu abaki alinde.

Kwetu aliyebaki ni shemeji. Alilinda nyumba Makina, akafungua kibanda Toi, na kwa taarifa yake mwenyewe aliuza kuliko mkewe.

Pesa zilitoka kwenye chama. Chama cha dada na wenzake kilianza kwa kununuliana sufuria, kikaja kwenye magodoro, kikaja kwenye karo. Mwaka juzi mmoja wao alipendekeza mfuko wa pembeni wa bahari, shilingi mia kila wiki kwa M-Pesa, ikifika Agosti wanapiga kura nani atangulie. Walicheka, kisha wakaanza kutuma. Kura ilimwangukia dada, naye, kwa kuwa haamini kwamba ndugu yake anaweza kufika mbali bila kusimamiwa, akaamuru tuandamane: mimi, mke wangu na wanetu wawili kutoka Kawangware, yeye na binti yake kutoka Kibera. Kuanzia hapa nitamwita shangazi, kama watoto wanavyomwita, kwa sababu ndiye aliyekuwa mkuu wa msafara.

Tulisafiri Ijumaa asubuhi kwa treni ya saa mbili, ile inayosimama Mtito Andei, Voi na kwingineko. Treni ya usiku humfaa mwenye haraka, ila humnyima mtoto dirisha. Pale Syokimau mizigo hupangwa chini kwenye mstari, wenyewe mkirudi nyuma, mbwa wa polisi wainuse. Shangazi alikuwa amebeba mfuko wa mahindi ya kuchoma na kuku wa kukaanga, na mbwa akasimama hapo kuliko ilivyopasa. Tsavo iliwalipa watoto mapema: ndovu wekundu kwa vumbi, karibu na reli, mmoja akituonyesha matako. Tulipopita juu ya Mto Tsavo niliwaambia kwamba maji yale yanakwenda kukutana na maji ya kwetu. Mwanangu wa kiume aliuliza kama yanajuana.

Kutoka Miritini, treni inakoishia, hadi Watamu ni kazi ya kuuliza njia. Matatu hadi mjini Mombasa, matatu nyingine ya Malindi, Daraja la Nyali, Mtwapa, mashamba ya katani, Daraja la Kilifi ambapo kila abiria hugeuza shingo, msitu wa Arabuko-Sokoke mkono wa kushoto, mnashuka Gede. Hapo tuktuk hukamilisha. Gede kuna magofu ya mji wa Waswahili uliohamwa na wenyewe karne ya 17, misikiti na kasri na visima chini ya miti mikubwa. UNESCO iliuandikisha kuwa urithi wa dunia mwaka 2024. Tulipita nje yake jioni tukiwa na njaa, kwa hiyo sina zaidi.

Watamu ni miji miwili. Mmoja uko ufukweni: kuta ndefu, bougainvillea, vibao vya Kiitaliano. Wa pili uko nyuma yake, Timboni na vijiji vya jirani, wanakolala wapishi, walinzi, wafua shuka na wasukuma boti wa ule wa kwanza. Sisi tulipanga vyumba huku nyuma. Mtu wa Kawangware, anayewaona jirani zake kila alfajiri wakitembea kwa miguu kwenda kufanya kazi Lavington, haihitaji ramani ya mahali hapo. Mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai jioni, pweza wa nazi kwa mwenye moyo. Binti ya shangazi alimsalimu mama muuza mahamri kwa "niaje". Mama akanyamaza hadi akapewa shikamoo, ndipo akahudumia.

Jumamosi hatukwenda baharini. Nahodha tuliyekuwa tumeongea naye kwa simu alikuja mwenyewe hadi nyumbani, jambo ambalo lilinipendeza, akasema upepo umezidi.

"Mamangu, leo hapana. Kusi imevimba."

"Na mimi nimeacha soko nije hapa," shangazi akamjibu. "Kusi yako itanilipia?"

"Haitakulipia, mama. Lakini na kaburi halirudishi nauli."

Nadhani hapo ndipo shangazi alipomheshimu. Nahodha alieleza akiwa amechuchumaa mlangoni. Upepo wa kusi hushika pwani hii tangu Aprili hivi hadi Septemba. Bahari huwa nzito, ngalawa ndogo huvutwa juu mchangani, samaki hupanda bei. Kuanzia Desemba hadi Machi ni kaskazi, maji yametulia, hoteli zimejaa. Nyangumi huchagua majira ya kusi. Anayewataka lazima awe na siku ya akiba, na atoke alfajiri, kabla upepo haujaamka.

Siku hiyo ya akiba tuliitumia Sabaki. Matatu hadi Malindi, tuktuk hadi karibu na daraja la barabara ya Lamu, kisha kwa miguu kufuata mto hadi mdomoni. Wageni wengi huja hapo kwa ajili ya heroe na viboko. Mimi nilikwenda kwa ajili ya yale maji. Ni mapana, ya rangi ya chai ya maziwa, na hayana haraka. Yanapoingia baharini hayachanganyiki mara moja. Huwa kuna mpaka, kahawia huku, kijani kule. Wakati wa kusi tope husukumwa kaskazini. Wakati wa kaskazi hurudi kusini hadi ufuo wa Malindi, na hapo wenye hoteli hulalamika kwamba bahari imechafuka. Udongo mwingi ni wa mashamba ya Ukambani na kwingineko yaliyovuliwa miti. Lakini kwenye kingo, katika matete, kulikuwa na mambo niliyoyafahamu vizuri: malapa yasiyo na mwenziwe, vifuniko vya soda, chupa za maji, kipande cha mkoba wa shule. Siwezi kuapa kwamba hata kimoja kilitoka Kibera. Kati ya hapa na kule kuna miji mingi na kila mmoja una watu wenye malapa.

Shangazi alisimama muda akiangalia lapa la mtoto, rangi ya waridi.

"Taka za kwetu husafiri bila chama," akasema.

Hapa sheria na mto vinagombana. Tangu 5 Juni 2020 ni marufuku kuingia na plastiki ya kutumia mara moja katika hifadhi za taifa, pamoja na hifadhi ya bahari ya Watamu, ambayo pamoja na ile ya Malindi ilitangazwa 1968, miongoni mwa za kwanza za namna hiyo barani Afrika. Askari wa shirika la wanyamapori, KWS, akimwona mtoto na chupa ya soda humwambia aiache, na anafanya vizuri. Mto hauna askari. Chupa inayotupwa mtaroni leo kwa kuwa gari la taka halijawahi kuingia kichochoro hicho haitapita kwenye lango lolote. Mtu akiniambia Kibera waelimishwe kuhusu bahari, namwomba aanze na gari la taka. Elimu watu wanayo, na kila mtu pale anajua mtaro unaelekea bondeni.

Jumapili tuliondoka kukiwa na giza la mwisho. Boti hukodiwa nzima, kwa hiyo tuligawana gharama na familia moja ya Eldoret, baba, mama na vijana watatu warefu waliokaa kimya kama wanaokwenda kwenye mtihani. Kila mmoja alivalishwa jaketi la kuokolea. Ndani ya mwamba maji yalikuwa laini. Tulipotoka kwenye mlango wa mwamba, boti ikainua pua, ikaipiga chini, ikainua tena, na utani wote ukakoma. Hapa Watamu kina hushuka haraka ukishauacha mwamba, ndiyo maana nyangumi hupita karibu na nchi kavu, na ndiyo maana mawimbi hayana mzaha. Mwanangu alitapika. Kijana mrefu wa kwanza wa Eldoret akatapika. Shangazi akatoa tangawizi mbichi kwenye kitambaa, akagawa kama sakramenti, na yeye mwenyewe hakutetereka hata kidogo, mtu ambaye hajawahi kukanyaga maji yaliyomzidi magoti.

Mnatafuta pumzi. Nahodha haangalii maji, huangalia pale maji yanapokutana na mbingu, akisubiri moshi mweupe unaosimama sekunde mbili tatu na kuondoka. Tulizunguka muda mrefu bila kitu, na nilishaanza kutunga sentensi ya kuwafariji watoto, mke wangu aliponyoosha mkono. Moshi. Kisha mwingine, mdogo, pembeni.

Nahodha akapunguza injini hadi ikanguruma tu. Kanuni wanazofundishwa ni kukaa mbali, mita mia au zaidi, kutowakata mbele, na kutojiingiza kati ya mama na ndama. Wao wakitaka kukaribia, shauri lao. Mgongo ulitoka, mweusi, ukaendelea kutoka, ukaendelea. Nundu. Pezi dogo lisilolingana na mwili ule. Ndama alikuwa akipanda juu ya ubavu wa mamake na kuteleza. Mara mama akainama, mkia ukanyanyuka mzima, maji yakimwagika pande zote mbili, ukazama bila kishindo. Simu yangu ilipata picha ya kiwiko cha mtu wa Eldoret.

Yule ndama si jambo la kawaida kama anavyoonekana. Katika karne ya 20 meli za kuvua nyangumi ziliua zaidi ya kibyongo 200,000 katika nusu ya kusini ya dunia, kwa ajili ya mafuta, sabuni, siagi ya kutengeneza na chakula cha mifugo. Kufikia miaka ya 1960 walikuwa wamebaki wachache mno. Kuwavua kusini kulikatazwa 1963, ingawa meli za Kisovieti ziliendelea kwa siri. Mwaka 1979 Bahari ya Hindi ikatangazwa kuwa hifadhi ya nyangumi, wazo lililopelekwa na visiwa vidogo vya Shelisheli. Na tangu 1986 uvuvi wa nyangumi wa kibiashara ukasimamishwa na tume ya kimataifa. Mzee wa Watamu aliyezaliwa wakati wa Uhuru alikua katika bahari yenye nyangumi wachache kuliko hii ya wajukuu wake. Ni mambo machache sana ya maumbile ambayo naweza kuwaambia wanangu kwamba yameongezeka tangu nizaliwe, na hili nililisema kwa sauti, juu ya injini, nikihatarisha tangawizi yangu.

Tukirudi, ndani ya mwamba, watu walipopata tena rangi zao, shangazi alimuuliza nahodha kama huwapata watu wa Nairobi wengi.

"Wengi sana, mama. Desemba hapana pa kukanyaga."

"Huwapeleka kuona nyangumi?"

"Desemba nyangumi hawapo. Washarudi kwao na watoto wao." Akacheka. "Nyinyi mwaja wao wakiondoka."

Treni ya saa nne usiku ilitufikisha Syokimau Jumatatu kabla ya mapambazuko, na saa moja kamili shangazi alikuwa Toi akihesabu kilichouzwa. Kikao cha chama kilichofuata kilikuwa na ubishi mrefu. Mfuko wa bahari hauna mgogoro tena. Wanachama watatu wapya wameingia kwa sababu yake. Ubishi ni wa mwezi. Kundi moja, la wenye watoto wadogo, linataka Desemba maji yakiwa shwari. Wale wa magharibi wakawakumbusha kwamba Desemba ni ya ushago na hakuna atakayemweleza mamake Kakamega kwamba amekwenda kuogelea. Shangazi alitaka Agosti, na safari iwe ya katikati ya wiki, Jumatatu hadi Alhamisi, siku ambazo Toi imelala. Hoja ya Agosti ilipita. Hoja ya katikati ya wiki ilipita kwa kelele kubwa zaidi.